Kidege Asiyefugika: Ndege, Umiliki na Sarufi ya Mapenzi katika Wimbo wa "Malaika"

Ikisiri

Wimbo wa "Malaika" hufahamika kwa neno lake la kwanza na kwa mgogoro kuhusu mtunzi wake. Ubeti ambao mpenzi anaitwa "kidege" hupitwa upesi, kana kwamba neno hilo ni kibadala tu cha "malaika". Makala haya yanachunguza neno hilo kwa ushahidi wa kimofolojia na kisemantiki: udogoishaji wa ki-, viambishi vya umilikishi, kiambishi cha yambwa -ku-, utata wa hu-, na uhusiano wa vitenzi fuga na oa. Hoja kuu ni kwamba wimbo unamwita mpenzi kwa jina la ndege anayeweza kufugwa, lakini sarufi yake haimruhusu mwimbaji kuwa mfugaji. Kwa hiyo wimbo unakwenda kinyume na fumbo lililozoeleka la ndege asiyefugika, ambalo humtupia ndege lawama.

Utangulizi

Msikilizaji wa Kiswahili anapokutana na ndege katika wimbo wa mapenzi hujua la kufanya: humvua ndege manyoya, akamwona mpenzi, kisha akaendelea na wimbo. Ustadi huo wa kufumbua ni sehemu ya umilisi wa kifasihi katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako njiwa hutumwa salamu, tausi husifiwa kwa uzuri na kulaumiwa kwa maringo, na kasuku hushukiwa kwa maneno aliyoyakariri bila kuyaelewa. Hata hivyo, ufumbuzi wa haraka una gharama yake. Pindi isemwapo kwamba ndege ni mpenzi, haiulizwi tena kwa nini mpenzi aliitwa ndege na si ua, wala kwa nini ndege huyu na si yule, wala ni nani aliyetarajiwa kumtunza.

"Malaika" ni wimbo unaoathirika sana na gharama hiyo. Katika ubeti mmoja neno kidege linashika nafasi ambayo katika ubeti wa kwanza imeshikwa na malaika. Mpangilio wa maneno ni uleule. Kinachobadilika ni jina la anayeitwa na kitenzi kinachomwelekea: kupenda kule, kuwaza huku. Kwa kuwa nafasi ni moja, ni rahisi kudhani kwamba maana ni moja na kwamba mtunzi alikuwa akitafuta neno jingine tamu ili asirudie lile la kwanza. Dhana hiyo haistahimili uchunguzi wa kisarufi. Malaika na kidege wote wana mabawa, lakini ni mmoja tu anayeweza kuwekwa tunduni.

Wimbo wenye watunzi na jina la "jadi"

Kabla ya kuingia katika neno lenyewe inafaa kueleza hali ya matini, kwa sababu maswali ya kisarufi yanayofuata yanategemea hali hiyo. Wimbo ulirekodiwa jijini Nairobi na Fadhili William, mwanamuziki wa Kenya aliyefariki mwaka 2001, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na rekodi hiyo ndiyo iliyoueneza. Adam Salim, aliyetoka Tanganyika, naye hutajwa kuwa ndiye aliyeutunga akiwa Nairobi katikati ya miaka ya 1940. Mwaka 1965 Harry Belafonte na Miriam Makeba waliutia katika albamu yao ya pamoja, An Evening with Belafonte/Makeba, na mwaka uliofuata albamu hiyo ikapewa tuzo ya Grammy katika kundi la rekodi za nyimbo za jadi. Boney M. waliutoa mwaka 1981, na Angélique Kidjo akaurekodi katika albamu yake Logozo ya mwaka 1991. Leo wimbo huimbwa harusini, shuleni na katika kumbi za hoteli zinazopokea watalii, mara nyingi bila jina la mtu yeyote kutajwa.

Hadhi hiyo ya "jadi" ina athari mbili. Ya kwanza ni ya haki: wimbo usio na mwenyewe haumlipi mtu. Ya pili haizungumzwi sana, nayo inahusu elimu ya matini. Wimbo ukishaitwa wa jadi, kila namna ya kuuimba inahesabiwa kuwa sawa na nyingine, na tofauti za maneno huchukuliwa kuwa pumzi za kawaida za fasihi simulizi. Ndivyo ilivyo kwa kitenzi cha ubeti wa kidege, ambacho baadhi ya waimbaji hukitamka hukuwaza na wengine nakuwaza. Tofauti hiyo ya silabi moja ndiyo inayoamua ni nani anayefanya nini katika ubeti huo, kama itakavyooneshwa.

Ndege, kinda, kidege

Nomino ndege ina mawanda mapana. Mbali na kiumbe arukaye, ni chombo cha usafiri wa angani, na katika Kiswahili cha zamani zaidi ni ishara ya bahati: kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaonesha matumizi ya ndege njema na ndege mbaya kwa dalili ya heri na ya shari. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotenga maana hizo. Ndege mwema ni kiumbe; ndege njema ni bahati. Ndege wangu amepotea ni habari ya mfugaji. Ndege yangu imechelewa ni habari ya msafiri. Msemaji wa Kiswahili hawezi kumtaja ndege katika sentensi kamili bila kuamua kama anazungumzia kitu chenye roho au kisicho na roho.

Kidege huondoa sehemu kubwa ya utata huo na huleta mwingine. Udogoishaji wa kawaida wa nomino za ngeli hii hudondosha king'ong'o cha mwanzo na kupachika ki-: mbuzi huzaa kibuzi, ngoma huzaa kigoma, njia huzaa kijia, na ndege huzaa kidege. Upande wa ukuzi kuna dege, na mzizi huohuo ukirudiwa hutoa degedege, jina la ugonjwa wa mtukutiko wa watoto ambao imani za pwani na bara zimeuhusisha na ndege. Yaani mzizi uleule unaweza kumbembeleza mtoto na kumtisha mama yake. Udogo wa ki- nao una nyuso mbili. Kitoto katika kinywa cha bibi ni mapenzi. Kijitu katika kinywa cha mgomvi ni tusi. Kijidege, chenye udogoishaji wa ji- juu ya ki-, huelekea zaidi upande wa dharau. Kidege, hasa kikitumiwa katika kuita, hubaki upande wa huba.

Ni muhimu pia kutofautisha kidege na kinda. Kinda ni ndege kwa kigezo cha umri: bado hajaota mabawa ya kuruka, yumo kiotani, analishwa na mamaye. Ndiyo maana hata mchezaji kijana huitwa kinda wa timu. Kidege si lazima awe mchanga. Udogo wake ni wa kimo au wa thamani katika jicho la anayemtazama; anaweza kuwa amekomaa kabisa na mabawa yake yakawa yanafanya kazi. Kama mtunzi angetaka mpenzi asiyejiweza, anayehitaji kulishwa, Kiswahili kilikuwa na neno. Lililochaguliwa linamtaja kiumbe mdogo, mpendwa, na mwenye uwezo wa kuondoka.

Jambo la tatu ni upatanisho. Nomino iliyodogoishwa ya kiumbe huweza kufuata umbo (kidege kimeruka) au uhai (kidege ameruka). Matumizi yote mawili husikika, na hayalingani kimaana: ki- ya upatanisho hukazia udogo, a- hukazia uhai. Makala haya yametumia a- katika kichwa chake kwa makusudi, kwa sababu wimbo wenyewe unaegemea uhai, ingawa unafanya hivyo kwa njia isiyo ya moja kwa moja, bila kutumia ki- wala a-.

Umilikishi usiokuwepo

Katika albamu ya Belafonte na Makeba wimbo ulipewa jina la Kiingereza linalomaanisha "malaika wangu", na "Malaika" likawekwa pembeni. Kiambishi cha umilikishi kilichomo katika tafsiri hiyo hakimo katika Kiswahili. Mwimbaji haseme wangu baada ya malaika, na haseme wangu baada ya kidege. Ukimya huu ni wa kushangaza kwa wimbo wa mapenzi, kwa maana lugha ya huba ya Kiswahili imejaa wangu na yangu: mpenzi wangu, mahabuba wangu, roho yangu, ua langu.

Si kwamba wimbo hauna umilikishi kabisa. Upo mmoja, nao umepewa roho, katika ubeti unaolalamika kwamba pesa zinaisumbua. Hiyo ndiyo mali yote ya mwimbaji. Malaika si wake, kidege si wake, mali hana, na roho anayoimiliki ina mgeni asiyekaribishwa ndani yake. Ni vigumu kuamini kwamba mgawanyo huo umetokea kwa bahati tu. Hata kama umetokea kwa bahati, ndivyo matini yalivyo, na mfasiri aliyeongeza "wangu" alimpa mwimbaji kile ambacho wimbo mzima unalia kwamba amekikosa.

Umilikishi wa ndege una mambo yake ya ziada katika Kiswahili. Majina ya jamaa na marafiki yaliyo katika ngeli hii huchukua yangu: rafiki yangu, dada yangu, ndugu yangu. Majina ya wanyama na ndege katika umoja huchukua wangu: mbuzi wangu, njiwa wangu. Lugha, kwa hiyo, imetenga watu wa mtu na mifugo ya mtu kwa viambishi tofauti. Mwimbaji angesema kidege wangu au kidege changu, angemweka mpenzi upande wa mifugo. Kwa kunyamaza, hamweki popote.

Fuga, fugika na kunguru

Hapa ndipo kitenzi fuga kinapohitajika, ingawa hakimo katika wimbo. Kufuga ni kukiweka kitu kikiwa hai na kukiacha kikue chini ya mamlaka ya mtu. Hufugwa kuku, njiwa na kasuku. Hufugwa pia ndevu, nywele na kucha. Na kwa sitiari hufugwa maradhi na hata uadui. Mambo yote hayo yana sifa moja: yangekua au yangekwenda kivyake, lakini mtu ameyaweka. Anayefuga hugharimika. Ndege wa kufugwa anahitaji tundu, mtama na maji, na ni ajabu ndogo ya Kiswahili kwamba neno tundu lina maana ya kizimba na vilevile maana ya uwazi wa kutokea.

Kuna msemo unaojulikana kote kwamba kunguru hafugiki. Hutumiwa hasa kwa mpenzi asiyetulia: amelishwa, amevishwa, na bado ametoroka. Nguvu ya msemo huo imo katika kauli ya kutendeka. Kitenzi fugika hakina nafasi ya mtenda. Hakisemi nani alishindwa kumfuga kunguru, kwa tundu la namna gani, wala kwa chakula kiasi gani. Kushindwa kote kunahamishiwa katika tabia ya ndege. Mfugaji ametoweka katika sentensi, na pamoja naye lawama yoyote iliyomhusu. Ni msemo wa mtu aliyeachwa anayetaka kubaki na heshima yake, na kwa kazi hiyo ni msemo kamili.

"Malaika" unafanya kinyume chake. Kushindwa kumewekwa katika kitenzi nashindwa, chenye nafsi ya kwanza wazi. Zaidi ya hayo, kitenzi hicho kinafuatwa na na pamoja na mali, na hiyo na inaweza kusomwa kwa namna mbili. Ikiwa ni kiunganishi, mwimbaji anataja mambo mawili yaliyowekwa sambamba: kwamba anashindwa, na kwamba hana mali. Ikiwa ni na ya mtenda, ile inayofuata kitenzi cha kutendwa, mali ndiyo iliyomshinda, kama mtu anavyoshindwa na adui au na maradhi. Mkatizo wa muziki huweza kuunga mkono usomaji mmoja au mwingine, na maneno yanayofuata huelemea wa kwanza, lakini sikio la Kiswahili husikia wote wawili. Kwa usomaji wowote, ndege hana kosa. Hajaruka kwa sababu ya tabia yake. Hajashikwa kwa sababu aliyemtaka hana cha kumshikia.

Tofauti hiyo inalipa fumbo la ndege sura nyingine ya kijamii. Msemo wa kunguru ni wa mwenye mali aliyekosa mapenzi. Wimbo wa kidege ni wa mwenye mapenzi aliyekosa mali. Mahari, ambayo wimbo hauitaji kwa jina, ndiyo inayofanya kazi ya tundu na mtama: ni gharama ya kumweka mpenzi nyumbani kwa njia ambayo jamii inaitambua. Mwimbaji hakatai utaratibu huo wala haukosoi waziwazi. Anajitambulisha tu kwa mpenzi wake kuwa mwenzio, yaani mwenzi wako, wa rika lako. Neno hilo dogo lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Mfugaji si mwenzi wa ndege wake. Anayejiita mwenzio amejiweka tawini pamoja na ndege.

Simulizi za Zanzibar zilizokusanywa na Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870 zina mfano unaosaidia kuona wazo hili kwamba halikuanza na muziki wa dansi. Katika hadithi ya Sultani Majnuni, mtoto wa mwisho, anayedharauliwa kwa kukaa jikoni, anamkamata ndege aliyekuwa akila tende za baba yake baada ya ndugu zake wote kushindwa. Hamfugi. Anamwachia, na ndege humpa unyoya wake uwe njia ya kuitana siku ya shida. Uhusiano unaanza pale mkono unapofunguka. Upande wa pili wa pwani, Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unaonesha nyuni, kama wanavyoitwa ndege kwa Kiamu, wakilaza makinda yao katika madaka ya nyumba za matajiri yaliyokuwa yakipambwa kwa vyombo vya kauri. Huko ndege wamo ndani ya nyumba bila kufugwa, kwa sababu mwenye mali amekwisha kuondoka. Kazi hizi tatu hazirithiani, na haitakuwa sahihi kuzifanya mnyororo. Zinachoshiriki ni desturi ya kutumia ndege kupima umiliki: nani anashika, nani anaachia, nani hayupo tena.

-Ku- na hu-

Ushahidi mzito zaidi umo katika kitenzi cha ubeti. Kama wimbo ungekuwa unamzungumzia ndege, kitenzi kingebeba kiambishi cha yambwa cha nafsi ya tatu: nakiwaza kwa upatanisho wa umbo, au namwaza kwa upatanisho wa uhai. Matini yana -ku-, kiambishi cha nafsi ya pili. Kidege, kwa hiyo, si yambwa ya sentensi, ni mwitwa. Amesimama nje ya sentensi, kabla yake na baada yake, kama mtu anavyoitwa mlangoni. Katika maandishi hali hiyo inadai mkato, na vitabu vya nyimbo vinavyouacha mkato huo vinamgeuza msikilizaji wa wimbo kuwa kitu kinachowazwa.

Uchaguzi wa -ku- ndio unaomwokoa kidege na udogo wa ki-. Nomino imemfanya mdogo. Kiambishi kimemfanya mtu. Hapa ndipo wimbo unapoegemea uhai bila kutumia a-. Anayeweza kuambiwa "wewe" hawezi kuwa mfugo kwa ukamilifu, ingawa kila mfugaji wa kasuku atapinga kauli hiyo, na pengine ana haki.

Lakini ni hu- inayozua tatizo lenyewe. Umbo hukuwaza lina uchanganuzi wa namna mbili. Katika wa kwanza, hu- ni kiambishi cha hali ya mazoea, -ku- ni yambwa ya nafsi ya pili, na maana yake ni kwamba kuna anayekuwaza siku zote. Katika wa pili, hu- ni kikanushi cha nafsi ya pili umoja, -ku- ni alama ya wakati uliopita katika ukanushi, na maana yake ni kwamba wewe hukufikiri. Hakuna sauti inayotenganisha maumbo haya mawili. Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho katika yote mawili, na Kiswahili Sanifu hakina toni ya kuamua. Mwimbaji hawezi kutamka moja bila kutamka jingine.

Muktadha unaelekeza kwenye mazoea. Ubeti wa kwanza umetumia kitenzi chenye yambwa -ku- kwa tamko la mapenzi, na msikilizaji anatarajia ulinganifu. Usomaji wa mazoea ndio ulio sahihi kwa kiwango chochote cha kawaida. Hata hivyo usomaji wa pili haufi. Unabaki chini kama mnong'ono wa lawama: wewe, kidege, hukuwaza, uliruka bila kufikiri. Katika wimbo ambao nashindwa imeichukua lawama yote, hapo ndipo pekee ambapo lawama nyingine inaweza kupita, nayo inapita ikiwa imejificha ndani ya kiambishi ambacho mwimbaji anaweza kukikana.

Hali ya mazoea ina sifa nyingine inayofaa kuzingatiwa. Hu- ya mazoea haichukui kiambishi cha nafsi. Mimi, yeye, sisi na wao wote hukuwaza kwa umbo hilohilo. Katika tamko la mapenzi, nakupenda, mtenda yumo ndani ya kitenzi na hawezi kuondolewa. Katika ubeti wa kidege mtenda ameondoka. Mawazo yapo, yanarudi siku kwa siku, lakini mwenye kuwaza hakutajwa. Ni msikilizaji anayemjaza. Waimbaji wanaosema nakuwaza humrudisha mtenda, wakapata ulinganifu mzuri na nakupenda, wakaondoa utata wa ukanushi, na wakapoteza vitu viwili: kurudiarudia kwa mawazo, na kutoweka kwa mwenye kuwaza. Kwa mwimbaji anayeimba mbele ya wasikilizaji wasiojua Kiswahili badiliko hili halina gharama yoyote, na huenda ndiyo maana linaenea bila kupingwa. Kwa anayeujua, wimbo wenye nakuwaza una beti mbili zinazosema jambo karibu moja, ilhali wimbo wenye hukuwaza una ubeti wa kutamka na ubeti wa kukaa kimya na mawazo.

Kitenzi waza chenyewe kinaunga mkono tofauti hiyo. Kukuwazia, kwa kauli ya kutendea, kungekuwa kufikiri kwa ajili yako au juu ya hali yako, kama mzazi amwaziavyo mwanawe. Kukuwaza ni kukufanya wewe mwenyewe kuwa maudhui ya wazo. Ndege asiyeweza kuwekwa tunduni amewekwa mahali pekee ambapo mtu asiye na mali anaweza kuweka kitu. Yapo maana pia katika ukweli kwamba kibwagizo, baada ya ubeti huo, kwa kawaida humwita tena malaika: kidege amekuwa karibu kwa muda wa ubeti mmoja, kisha amepaa.

Oa, na sauti ya mwanamke

Kibwagizo kina kitenzi ningekuoa. Kiswahili hakitofautishi jinsia katika viambishi vya nafsi, wala malaika na kidege havina jinsia, hivyo wimbo wote ungeweza kuimbwa na yeyote kwa yeyote kama si kitenzi hiki kimoja. Katika matumizi yaliyozoeleka mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na tofauti hiyo haiwezi kurekebishwa kwa kubadili kiambishi tu. Mwanamke anayetaka kuugeuza wimbo uwe wake angelazimika kutumia kauli ya kutendwa, ningeolewa nawe, na hapo muundo wa maana ungevunjika: anayeolewa hatoi mahari, kwa hiyo ukosefu wake wa mali usingekuwa sababu ya kushindwa.

Sauti mashuhuri zaidi zilizoupeleka wimbo nje ya Afrika Mashariki, Makeba na baadaye Kidjo, ni za wanawake, na katika mapokeo ya wimbo kitenzi hicho kimeachwa kilivyo. Hivyo msikilizaji wa Kiswahili husikia mwanamke akisema maneno ya mwanamume fukara. Kwa kawaida jambo hili huelezwa kuwa ni desturi ya uimbaji: mwimbaji si lazima awe msemaji wa wimbo. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanahusu kibwagizo na ubeti wa pesa zaidi kuliko ubeti wa kidege. Katika ubeti huo kitenzi hakioi wala hakiolewi, hakina kiambishi cha nafsi, na anayeitwa ametajwa kwa nomino ambayo udogo wake haujali mwanamume wala mwanamke. Mwanamke anayeimba hukuwaza haazimi sauti ya mtu mwingine. Na ikiwa, akiwa katika ubeti huo, msikilizaji atasikia kwa sekunde moja ule usomaji wa pili, basi kidege aliyeruka bila kufikiri anaweza kuwa ni kijana yule asiye na mali, aliyekwenda zake kabla ya kuuliza kama mali ndiyo iliyokuwa ikitakiwa.